Mshika Mbili na Swali la Mkono Ulio Wazi

Karibu kila mgeni anayekaa mezani kucheza Dungeons & Dragons kwa mara ya kwanza hufika kwenye swali lile lile. Unapewa karatasi ya mhusika, unaambiwa chagua fani: mpiganaji, mwanasihiri, mwizi, kasisi, na nyinginezo. Unasoma ya mpiganaji, unaipenda. Unasoma ya mwanasihiri, unaipenda zaidi. Halafu unainua kichwa na kuuliza, kwa sauti ya mtu anayedhani amegundua kitu: "Kwani siwezi kuwa vyote viwili?"

Wanaojua hucheka. Mimi walinicheka. Mmoja akanitupia methali kabla hata sijafunga mdomo: mshika mbili, moja humponyoka.

Methali ile haikuniacha. Nimerudi kwenye vitabu vya kanuni vya mchezo huu, vya zamani na vya sasa, nikavisoma kama ninavyosoma riwaya, maana navyo vina mtazamo wao kuhusu binadamu, ila wameuandika kwa tarakimu. Na kila toleo, bila kujua, limekuwa likijaribu kuandika methali yetu upya. Tofauti iko kwenye bei: mtu anayetaka upanga na sihiri kwa pamoja alipe nini?

Kwa ambaye hajawahi kucheza, nieleze kidogo. Ni hadithi inayotungwa na watu wanne au watano waliokaa meza moja. Mmoja ndiye mwendesha mchezo: anaeleza mnachokiona, anasema kwa niaba ya wanakijiji, majambazi na madubwana. Wengine kila mtu ana mhusika wake. Ukitaka kufanya jambo lenye mashaka unarusha dadu ya pande 20, na namba inasema kama umefaulu. Kanuni zilizobaki ni njia ya kupanga nani anaweza nini, na mara ngapi.

Tuanze na neno lenyewe, kwa sababu hapa ndipo Kiswahili kinapokataa kupitwa kimya kimya. Siku ya kwanza mezani kwetu tulisema "mchawi". Tukacheka, halafu tukanyamaza. Mchawi kwetu si mzee wa ndevu nyeupe na kofia ndefu. Ni yule wa usiku. Na tunajua wapo bibi vizee waliouawa kwa sababu tu jirani aliwaita hivyo. "Mganga" lina heshima zake, lakini mganga kazi yake kutibu, harushi moto. Tukaishia kwenye "sihiri", neno lenye vumbi la hadithi za majini na mapango, na mtu wake tukamwita mwanasihiri. Hilo ndilo nitakalotumia hapa. Mwenye upanga na sihiri kwa pamoja nitamwita mshika mbili, maana jina hilo keshapewa.

Sasa, upanga na sihiri vilitenganishwa na nani? Ukidhani ni hadithi za kale, utakosea. Jibu liko kwenye mchezo mwingine, Chainmail, uliotolewa Marekani mwaka 1971 na Gary Gygax na Jeff Perren. Huo ulikuwa mchezo wa vita: visanamu vya askari vimepangwa mezani, watu wanapima umbali kwa rula. Mwishoni mwa kijitabu kuna nyongeza ya mambo ya kubuni: madragoni, elfi, wanasihiri. Na mwanasihiri anafanya nini humo? Anarusha mpira wa moto ambao eneo lake la madhara ni sawa na la mtambo mkubwa wa kurushia mawe. Yaani alizaliwa akiwa silaha nzito. Mpiganaji alikuwa askari wa miguu, mwanasihiri alikuwa mzinga.

Ukishalijua hilo, mengi yanafunguka. Mwaka 1974 Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons, waliurithi mgawanyo huo wa kijeshi na kuufanya mgawanyo wa watu. Mpiganaji avae deraya na ashike silaha yoyote. Mwanasihiri asivae deraya, na silaha yake iwe kisu tu. Ni mantiki ya kamanda: mzinga unauweka nyuma, unaulinda, na askari wa miguu humpi mzinga aubebe begani.

Lakini hata siku hiyo ya kwanza ukuta ulikuwa na nyufa mbili. Kasisi aliruhusiwa deraya na sihiri, ila asishike silaha yenye makali. Na elfi aliruhusiwa kuwa mpiganaji safari hii na mwanasihiri safari ijayo, mradi asibadilike katikati ya mchezo mmoja. Nikisoma kanuni ile ya elfi huwa natabasamu. Ni kama mfanyakazi mwenye sare mbili kabatini: leo zamu ya mlinzi, kesho zamu ya mhasibu. Ni watu wawili wanaopokezana mwili.

Matoleo yaliyofuata yakaanza kupanga bei, na kila bei ina falsafa yake.

Ya kwanza ni muda. Katika toleo la 1981 lililohaririwa na Tom Moldvay, elfi ni fani kamili: anavaa deraya, anashika silaha yoyote, na anatumia sihiri kama mwanasihiri. Hakatazwi kitu. Ila kufika ngazi ya 2 mpiganaji anahitaji alama 2,000 za uzoefu, mwanasihiri 2,500, na elfi 4,000. Hapo methali imepingwa kiungwana: shika mbili, hakuna litakaloponyoka, lakini wenzako watatangulia na wewe utawaona migongo.

Ya pili ni kusahau, na hii ndiyo katili kuliko zote. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 kiliruhusu wasio binadamu kusoma fani mbili sambamba, alama zao zikigawanywa. Binadamu alipewa njia nyingine: aache kabisa fani ya kwanza, aanze ya pili kutoka ngazi ya 1. Na akijisahau vitani akachomoa ujuzi wake wa zamani kabla ngazi mpya haijaipita ile ya mwanzo, anakosa alama za uzoefu. Unalo jeraha liko wazi, mkono unajua dawa yake, lakini ukiutumia umejirudisha nyuma. Nikisoma kanuni hii simwoni shujaa. Namwona mtu aliyehamia nchi ya watu, vyeti vyake vikakataliwa, akaanza upya chini kabisa, na akawa anaogopa kuonekana anajua. Sidhani Gygax alikusudia kuandika hilo. Lakini ameliandika.

Ya tatu ni asilimia. Toleo la tatu, la mwaka 2000, lilifungua milango: mtu yeyote achanganye fani zozote. Mwanasihiri akitaka kuvaa deraya, avae. Ila kila deraya ina uwezekano wa kuharibu sihiri yake: ya ngozi asilimia 10, ya chuma kamili asilimia 35. Na uchanganyaji wenyewe ulikuwa mtego. Mtu wa ngazi ya 10 aliyegawa nusu kwa nusu, mpiganaji 5 na mwanasihiri 5, anamkuta mwanasihiri mwenzake wa ngazi hiyo hiyo anatumia sihiri za daraja la tano, na yeye amekwama la tatu. Upande wa upanga, mpiganaji wa ngazi ya 10 ana nyongeza ya msingi ya 10 kwenye shambulio lake la kwanza, yeye ana 7. Hapa methali imeshinda, tena kwa mahesabu. Na mbaya zaidi, imeshinda kimyakimya: mlango uko wazi, hakuna aliyekukataza, unagundua miezi baadaye kwamba umekuwa mtu wa pili katika kila jambo.

Hapo ndipo ninapowauliza wapenzi wa fasihi: hivi hadithi zenyewe zinasemaje? Gandalf wa Tolkien ni mwanasihiri, na ana upanga, Glamdring, tangu The Hobbit ya mwaka 1937. Hakuna anayemwambia achague. Elric wa Michael Moorcock, aliyeanza kuonekana mwaka 1961, ni mfalme, ni mwanasihiri, na ni mpiganaji wa kutisha. Naye analipa, tena sana: mwili wake ni dhaifu, nguvu zake zinatoka kwenye upanga Stormbringer, na upanga ule unakula roho, zikiwemo za watu anaowapenda. Gygax mwenyewe alimtaja Moorcock kati ya waandishi waliomvutia, katika kitabu chake cha mwaka 1979. Alimsoma. Ila alichochukua kwake si ile bei.

Na sisi tunaye wetu. Fumo Liyongo, ambaye utenzi wake ulitungwa na Muhamadi Kijuma wa Lamu mwaka 1913, ni mpiga upinde asiye na mfano, na ni mshairi. Silaha haimpati, isipokuwa ya shaba, tena kitovuni. Akiwa gerezani anamtumia mama yake ujumbe ndani ya shairi ambalo walinzi wanalisikia na hawalielewi. Tupa inaingia imefichwa kwenye mkate, na kelele za ngoma zinafunika kelele za tupa. Maneno yake yanavunja minyororo kama vile mkono wake unavyovunja vita. Hakuna mahali katika utenzi mtu anauliza kama utunzi umempunguzia shabaha. Bei yake ipo, lakini iko kwingine: mwili usiopenyeka una tundu moja, na anayelijua tundu hilo ni mwanawe.

Tofauti ndiyo hiyo. Hadithi zinamtoza mshika mbili kwa anachokipenda. Mchezo, kwa miaka mingi, ulimtoza kwa makato, kama benki. Makato hayasimuliki. Hakuna mtu aliyewahi kulia kwa sababu ya asilimia 35.

Je, matoleo mapya yamefanya vizuri zaidi? Nadhani ndiyo, na hapa nijibu swali la anayesoma haya akiwa na karatasi tupu ya mhusika mbele yake. Kuna washika mbili watatu wanaostahili kusomwa kama wahusika.

Wa kwanza ni Eldritch Knight, kwenye kitabu cha wachezaji cha 2014. Huyu ni mpiganaji kwanza. Sihiri inamjia ngazi ya 3, kidogo kidogo. Mwanasihiri kamili anapata mpira wa moto ngazi ya 5. Yeye anausubiri mpaka ya 13. Wengi humdharau kwa hilo. Mimi nampenda. Ni mtu aliyeanza shule ukubwani, anasoma kwa taa baada ya kazi, na kipaji chake kizuri ni kidogo na cha maana: ana mfungamano na silaha yake, akiiita kutoka mbali inarudi mkononi. Usimchague kama unataka kung'aa. Mchague kama unataka mhusika aliyejifunza.

Wa pili ni Bladesinger, aliyerudi mwaka 2015. Huyu ni mwanasihiri kwanza, na upanga wake ni aina ya ngoma. Akiuanza wimbo wake, akili yake inageuka kinga ya mwili. Lakini wimbo haukubali ngao wala deraya nzito. Anaingia vitani karibu uchi, akitegemea kutoguswa. Mwanzoni fani hii ilikuwa ya elfi na nusu-elfi pekee. Kitabu cha mwaka 2020 kikaifungua kwa wote. Yeye ndiye mwenye nguvu kuliko hao wengine, na ndiye ninayemwamini kidogo zaidi, kwa sababu bei yake huonekana siku akiguswa tu. Mchezaji mzuri anaweza kumaliza mwaka bila kuilipa.

Wa tatu anatoka mchezo wa jirani, Pathfinder. Anaitwa Magus, alitoka mwaka 2011. Hapa ndipo naona wabunifu walielewa tatizo. Magus hana fani mbili zilizofungwa kamba. Ana tendo moja jipya: anaipitisha sihiri ndani ya upanga, na pigo likimpata adui, vyote vinafika pamoja. Katika toleo la pili la mchezo huo, tendo hilo linakula matendo mawili kati ya matatu ya zamu yako, na baada yake lazima utumie tendo jingine kujikusanya upya kabla ya kulirudia. Yaani pumzi. Unapiga, unahema, unapiga. Kwa mara ya kwanza bei ina mwendo ambao mwili unaujua. Kama ni kuchagua kwa jicho la mhakiki, huyu ndiye bora, kwa sababu ndiye pekee ambaye kwake "upanga na sihiri" ni kitenzi kimoja.

Sasa niseme kilichonipata, maana bila hicho nisingeandika haya yote.

Mimi nilichagua Eldritch Knight. Nilimpa upanga mkono wa kulia, ngao wa kushoto, na sihiri ya kinga ambayo unaitumia papo hapo adui anapokaribia kukupata. Nilijiona nimefunga milango yote. Kwenye daraja la kamba, goblini sita mbele yetu, nikawaacha wenzangu nyuma nikaenda mwenyewe. Mshale wa kwanza ulipokuja nikatangaza sihiri yangu kwa kujidai. Mwendesha mchezo akaniangalia kwa upole, akauliza: "Kwa mkono upi?"

Sikuelewa. Akanisomea kanuni: sihiri ile inahitaji ishara ya mkono, na mkono wa kufanyia ishara lazima uwe wazi. Upanga kulia, ngao kushoto. Mkono upi?

Ipo njia ya kulikwepa tatizo hilo, kuna kipaji maalumu unachoweza kukichukua baadaye kinachokuruhusu kufanya ishara huku umeshika silaha. Mimi sikuwa nacho. Mshale ukapita, wa pili ukapita, alama zangu za uhai zikafika sifuri, nikalala juu ya daraja.

Aliyeniokoa ni dada aliyekuwa anacheza kasisi. Jioni nzima nilikuwa namhesabu kama mtu wa pembeni. Naye mikono yake ilikuwa imejaa, rungu huku, ngao kule. Lakini sihiri aliyotumia haihitaji mkono, na wala haikumlazimu kunifikia. Inahitaji sauti tu. Aliniita kwa jina la mhusika wangu kutoka ng'ambo ya daraja, na nikafumbua macho.

Nimelifikiria hilo zaidi ya nilivyofikiria baadhi ya riwaya nilizolipwa kuzihakiki. Nilipouliza siku ile "siwezi kuwa vyote viwili?", nilidhani nauliza kuhusu uwezo. Kumbe nilikuwa nauliza kama naweza kukaa na watu wanne mezani bila kumhitaji hata mmoja. Mpiganaji anamhitaji mwanasihiri, mwanasihiri anamhitaji mpiganaji, na mgawanyo ule wa mizinga na askari wa miguu, ambao nimeusema vibaya hapo juu, angalau ulilazimisha watu kutazamana. Mshika mbili ni ndoto ya mtu aliyechoka kuomba. Naielewa ndoto hiyo. Wengi wa rika langu tunaiishi: kazi mbili, ujuzi mitatu, na simu ambayo hatutaki kuipiga kuomba msaada.

Kwa hiyo simwambii mtu asimchague mshika mbili. Ningekuwa mnafiki, bado ninaye, na sasa yuko ngazi ya 6. Ninachosema ni kwamba unapomchagua, usisome kwanza orodha ya anachoweza. Tafuta ukurasa unaosema analipa nini, na umlipe nani. Kama bei ni makato tu, mwombe mwendesha mchezo akusaidie kuigeuza hadithi: nani alimfundisha huyu upanga, nani alimpa sihiri, na kati ya hao wawili yupi anajiona amesalitiwa? Mhusika wangu nilimpa mwalimu ambaye alikufa akiamini mwanafunzi wake ameacha shule. Tangu hapo kila nikitumia sihiri mezani, naitumia kama mtu anayemwandikia barua mtu asiyeweza kujibu.

Na ngao nimeiacha. Kinga yangu imeshuka kwa alama mbili, na wenzangu waliniambia kimahesabu ni kosa, kwamba ningesubiri kile kipaji. Huenda. Lakini kikao kilichopita, tukiwa pangoni gizani, yule kasisi aliteleza kwenye ukingo, mwendesha mchezo akazunguka meza akiuliza nani anaweza kumdaka. Watu wakaangalia karatasi zao: upinde, mwenge, gongo, ngao. Mimi ndiye niliyekuwa na mkono wazi.